Baba Mdogo Mahlon na Taa Yake

Mtaa wa Kanisa,
Nazareth, Pennsylvania.
14 Januari 1968

Mpendwa Dada Orpha,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mguu wako unaendeleaje tangu uteguke? Na huko Oregon mvua zimepungua, au bado mnaanika nguo jikoni? Sisi hatujambo, ila mume wangu Lloyd ana kikohozi chake cha kila Januari, na hataki dawa, anataka kuhurumiwa tu.

Theluji imefika madirishani. Biskuti za tangawizi zimebaki kopo moja, nami nimelificha.

Barua yako ya shukrani ilifika Jumanne. Nimeisoma mara moja tu, Dada, ya pili nilishindwa. Umeandika kwamba tangu moto uteketeze nyumba yako hukuwa na kitu chochote cha wazazi wako, na sasa unaye baba yako na taa yake mkononi. Tena mgongoni mwa koti lake umeiona alama ya kidole cha mama yako, ukaibusu.

Kidole kile ni changu.

Naona aibu hata kuandika. Mwezi wa Novemba niliteremsha kutoka darini boksi la kijiji cha Krismasi, kile kidogo tunachokipanga chini ya mti. Zile nyumba za karatasi ngumu zilikuwa salama, hata karatasi nyekundu za madirishani hazikuchanika. Lakini wale watu wadogo aliowafinyanga mama yako kwa sura za ukoo wetu, baada ya wale wa dukani kuvunjika, walikuwa weusi kwa masizi ya mishumaa. Unanijua mimi na usafi. Nikawaloweka wote kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, kama vijiko, nikaenda kupokea simu. Nilisahau kabisa kwamba Mama Mdogo Tilda aliwaumba kwa unga na chumvi.

Niliporudi nilikuta uji wa kijivu. Lloyd akachungulia. "Mama wee! Verna, umeupika ukoo mzima!"

Nilimfukuza jikoni, nikalia.

Ningesema ukweli siku ile, mambo yangeisha. Lakini majirani huja kila mwaka kutazama kijiji, na mimi ndiye niliyeachiwa kukitunza. Basi nikakanda unga, nikafinyanga watu kumi na mmoja, nikawapaka rangi na kuwasimamisha kwenye theluji ya pamba kana kwamba hakuna lililotokea. Arlene Frantz, huyu jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, aliinama akawatazama, akaangua kicheko. "He! Watu wako wamenenepa, Verna! Na huyu mrefu mlangoni ataingiaje, au kafukuzwa na mkewe?"

"Unyevu wa darini umewavimbisha," nikamjibu bila haya, huku namkatia mkate wa sukari.

Siku mbili baadaye ikaja barua yako ya kuomba nikutumie yule mtu wa unga mwenye sura ya baba yako. Lloyd akaniambia, "Mwandikie dada yako ukweli, mama. Ni unga tu huo." Nikamwambia si unga tu, nikaenda kukanda mwingine. Nilimfinyanga Baba Mdogo Mahlon mara saba mpaka akaenea mlangoni, kisha nikampaka masizi kidogo ili azeeke. Ndiyo, Dada, masizi yaleyale niliyokuwa nikiyaosha. Alipokauka nilijisifu, nikamtuma kwako kwa posta. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye busu lako.

Kuna jambo moja la kweli. Nilipomwaga ule uji, chini ya beseni zilibaki pini kumi na moja za nywele. Kumbe mama yako aliwajenga watu wake juu ya pini zake mwenyewe, kichwa kwenye pindo, na miguu miwili ya kuchomeka kwenye pamba. Utazikumbuka, zile nyeusi alizokuwa akizibana mdomoni akitusuka kabla ya kanisa, tukitikisika anatufinya. Ya baba yako niliitambua kwa sababu ilikuwa bado na kiwaya cha taa. Nimeitumia hiyohiyo. Niliitia ndani kwa woga, nipate la kujitetea siku ukinigundua.

Kwa hiyo mvunje, Dada. Anza miguuni, taratibu. Unga utupe. Pini ni ya mama yako. Nyingine kumi zimo humu kwenye bahasha, nimezifunga kwa uzi.

Ukikaa muda bila kuniandikia sitanung'unika. Naomba tu usinyamaze moja kwa moja.

Nisalimie shemeji Elwood na binti yako Nadine. Wajukuu waambie bibi yao wa Nazareth ni mwongo, lakini anawapenda. Lloyd anakusalimu, anakohoa. Mungu auponye mguu wako na akupe usingizi mwema katika nyumba hiyo mpya.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kidole kile,

Verna