Kinshasa ao Kigali

Siku ya pili, 4 mwezi wa saba 2000

Kinshasa wamenikubali! Miye! Formation ya régisseur, masomo ya mutu mwenye anaamuru taa na pazia, miaka mbili, ndani ya teatre kubwa yenye iko na taa za jukwaa zaidi ya makumi ine. Sisi hapa Bukavu tuko na sita, na moja inawaka ikipenda.

Papa Théodore, mukubwa wa troupe yetu, alituita nyuma ya salle ya paroisse, pale tunacheza, miye na Dany, fundi wetu wa taa. Barua ilipitia Nairobi. Padri mumoja aliileta ndani ya soksi. Soksi! Juu siku hizi mutu akikamatwa na barua ya Kinshasa, wale wanaoshika muji wetu wanasema ni mupelelezi wa serikali. Vita iko kati yetu na capitale yetu, karibu miaka mbili sasa.

Halafu alitoa barua ingine. Kigali. Centre moja ya teatre inatafuta régisseur, kazi inaanza tarehe saba ya mwezi wa munane. Ni safari ya siku moja tu. Lakini sema hapa kama unaenda kufanya kazi Kigali—watu watatema mate chini, juu Kigali njo inasaidia hawa waasi.

"Chagua mbele ya mwisho wa mwezi," Papa Théodore alisema. "Na ufunge kinywa."

Dany alinipa mukono. Alinipongeza: félicitations. Ile tu.

Siku ya tano, 7 mwezi wa saba

Niandike ukweli, juu hakuna mwenye atasoma. Conduite yenye nilituma Kinshasa—ile kitabu yetu ya kazi, yenye inasema taa gani inawaka saa gani, pazia gani, ngoma gani—haikutoka mu kichwa yangu. Ni ya Dany. Wiki tatu tulikaa: yeye anasema, miye ninaandika. Yeye aliachia masomo ku primaire ya ine. Miye niko na diplome. Siku ya kutuma niliandika jina moja juu yake. Yangu.

Barua inasema: "Conduite yako njo ilitushangaza."

Dany alikuwa pale wakati Papa Théodore anaisoma kwa sauti. Alikuwa anakunja waya ku kiwiko. Aliendelea kukunja.

Ningependa anitukane.

Siku ya kwanza, 10 mwezi wa saba

Maman anataka Kigali. Anasema Kinshasa nikikufa watasikia ku radio. Nilimuambia watu wataniita musaliti. "Bakuite! Jina haitoboi tumbo."

Miye ninataka Kinshasa. Kigali nitakuwa mutu wa kazi. Kinshasa nitakuwa régisseur. Si kitu kimoja.

Leo Dany aliniomba barua. "Uniachie siku moja. Ninataka kuisoma polepole, miye peke yangu." Nilimupa. Ningekataa namna gani?

Siku ya tatu, 12 mwezi wa saba

Wamemukamata Dany.

Ni Chrispin, actor wetu, alikuja kutuambia. Alikuwa nyuma yake mu mulongo, ku barrière ya Nyawera, saa moja ya asubui. Askari walianza kupekua mifuko. Barua iko kurasa mbili, na jina yangu iko ku ya kwanza. Dany alitia ile ya kwanza mu kinywa. Alitafuna. Walimupiga kitako cha bunduki ku shavu—aliendelea kutafuna! Walimuangusha, walimukanyaga shingo. Alimeza.

Ukurasa wa pili walikamata. Ile inaeleza tikiti na namba yake, Nairobi, namna ya kuingia Kinshasa. Inataja conduite, lakini haina jina.

"Barua ya nani?"

"Yangu."

Nilienda kukaa nyuma ya salle. Halafu—aibu, lakini niliahidi ukweli—kitu cha kwanza nilifikiri ni hiki: sasa namba ya tikiti nitaipata wapi?

Siku ya posho, 15 mwezi wa saba

Priscille alikuja. Bibi mwenye Dany alioa. Nilisikia sauti yake ku lupango, inje ya nyumba, nilikimbia nyuma ya pazia ya chumba.

"Maman Agathe, muambie Adélaïde aende aseme tu ukweli. Yeye iko na diplome, mapadri banamujua, askari batamuogopa kidogo. Dany hana mutu. Jana balinirudishia shati yake. Balisema nifue."

"Adélaïde hayuko," Maman alijibu. "Iko Walungu, ku matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya shangazi yake."

Sina shangazi Walungu.

"Viatu vyake hivi hapa ku mulango," Priscille alisema.

Maman alifunga mulango, alienda kuangalia kama sombe inaiva. Nilikula. Nilikula hata ukoko.

Siku ya ine, 20 mwezi wa saba

Wakubwa wa waasi wanataka tuwachezee spectacle ku fête yao ya miaka mbili ya vita, tarehe mbili ya mwezi wa munane. Papa Théodore alikubali mbele hawajamaliza kusema. Chrispin alimuuliza namna gani tutawachezea watu wenye wanamupiga Dany. "Kwa sababu wanamupiga," Papa alijibu. "Nitaomba nini nikiwa nimekataa?"

Commandant wao mwenyewe alikuja kuangalia repetisyo, mazoezi yetu. Mupole. Sauti ya chini, viatu safi. Alikaa nyuma yangu, aliangalia namna ninasema "top" na taa inabadilika, "top" na pazia inafunguka.

"Kumbe weye njo unaamuru bote, na hakuna mwenye anakuona."

"Ndiyo, mon commandant."

"Kazi yetu inafanana." Alicheka. Na miye nilicheka. Nilicheka kweli!

Siku ya ine, 27 mwezi wa saba

Aliniita ku ofisi. Chai, na maziwa. Karatasi moja juu ya meza.

Alisema mambo ya Dany ni madogo, inakosa tu mutu wa kazi yake wa kuhakikisha. Kinshasa walimujibu mutu juu ya conduite. Conduite ilikuwa ya Dany? Ndiyo ao hapana.

Nilifikiri: ni yake. Mungu anajua ni yake. Kwa hiyo jibu ni yake. Si uongo!

"Ndiyo."

Nilisaini ile karatasi, yenye inasema barua ni ya Dany. Muda wa kufungua kalamu na kuifunga. Alivuta tiroir ya meza, alinipa laissez-passer ya kuvuka mupaka kwenda Kigali. Ilikuwa tayari, na Kigali sikuwahi kumutajia. Jina yangu, cachet ya wino, tarehe ya jana.

Ya jana.

Ku muteremuko wa kurudi nilikutana na Priscille na bakuli ya chakula, anapelekea Dany. Alinisalimia. Nilimuitikia vizuri. Niliuliza hata habari ya nyumba.

Siku ya tatu, 2 mwezi wa munane

Sijui nianzie wapi.

Spectacle ilikuwa saa tisa. Saa saba console ya taa, mashini yenye inaziongoza zote, ilikufa—groupe ya umeme ilituma courant mubaya, harufu ya kuungua, moshi. Hakuna mutu mwingine mu muji huu mwenye anajua tumbo la ile console. Commandant aliangalia saa yake, alituma jeep.

Walimuleta Dany.

Amekonda. Shavu moja imekaa chini kuliko ingine. Mukono wa kuume umefungwa kitambaa, vidole haviko namna vidole vinakaa. Alipiga magoti mbele ya console, alinitazama. "Weye utakuwa mukono yangu."

Tulifanya kazi muda wa saa moja. Askari mumoja alikaa juu ya caisse ya mbao, anakula karanga. Dany anasema, miye ninafungua, ninakata, ninaunga. Kama zamani. Hakunisifu, hakunigombeza. Halafu, chini ya pumzi:

"Uliisha kuchagua muji?"

"Kinshasa." Maman ninamudanganya kama ni Kigali, Papa Théodore ninamudanganya. Yeye nilimuambia.

"Vizuri. Kule, mutu akikuambia taa iko sawa, usiamini. Panda ngazi mwenyewe, gusa." Alikohoa. "Namba ya tikiti ninayo mu kichwa. Andika."

Niliandika mu kiganja. Tarakimu kumi na tatu. Alizisema mara mbili, polepole, ili nisikosee.

Halafu: "Banasema kuna mutu alisaini. Unamujua?"

"Hapana," nilisema.

Aliomba waya ya bluu. Nilimupa waya ya bluu.

Spectacle ilienda bila kosa hata moja. Moja! Chrispin hakusahau neno. Wakubwa walisimama, walipiga mikono, walipiga miluzi. Wakati wanapiga mikono niliona wanamutoa Dany ku mulango wa nyuma, na kutoka pale nilipokaa nilipaswa kusema "top" ya mwisho. Nilisema. Taa zote zilizimika mara moja, safi.

Commandant alinipa pongezi. Papa Théodore alimuomba amuachilie Dany. Alijibu: "Leo ni fête, muzee. Tusiongee kazi."

Siku ya posho, 5 mwezi wa munane

Kigali. Tonton Jacques, mwenye anaendesha minibus ya Bukavu, alinikalisha mbele. Ku daraja ya Ruzizi, ku mupaka, askari waliangalia laissez-passer, walinipa heshima. Sijawahi kupewa heshima na askari.

Maman alilia. Halafu alisema: "Enda, usiangalie nyuma, shingo itauma."

Niliona ile centre. Madame Yolande, mukubwa wake, alinionyesha taa mpya ndani ya plastiki, hata hazijafunguliwa. Aliniuliza zamani nilifanya kazi na nani. Nilisema: peke yangu.

Siku ya kwanza, 7 mwezi wa munane

Ninaandika wima, mu mulongo, ku agence ya ndege. Hapa njo wanatoa tikiti ya Nairobi. Madame Yolande ananingojea tangu saa mbili. Sikuenda kumuambia kama siji. Atajua.

Tonton Jacques alinitafuta, mupaka akanikuta hapa. Alileta kikaratasi ya Papa Théodore. Ninaikopia kabisa:

"Adélaïde. Nilienda kumuambia commandant kama barua si ya Dany. Sikutaja jina. Anasema siku ya pili, tarehe munane, wanamuhamisha, hasemi wapi. Anasema mwenye barua akijitokeza mbele ya ile siku asubui, Dany anarudi kwake. Sitakudanganya: labda watabaki na nyinyi wote wawili. Labda hawatamuachilia hata ukikuja. Lakini usiseme siku moja kama hukuambiwa. Théodore."

Jacques hajui kusoma, ao anajifanya. Alisema tu: "Mutoto yangu, kiti ya mbele ninakuchungia. Saa sita ninawasha, ninarudi Bukavu."

Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi.

Mbele yangu kuna watu watatu. Wazungu wawili na sista mumoja. Kama wanamuhamisha hata hivyo? Kama nikifika na tayari wamemuhamisha? Commandant anajua ni miye, alijua tangu mwanzo, anataka tu kuona kama nitarudi na miguu yangu. Na Priscille atasema nini akiniona? Ao atanisalimia tena?

Wazungu wamemaliza. Sista iko ku guichet, ku dirisha ya tikiti. Nyuma yangu kuna maman mumoja wa Uvira na valizi kubwa, anapumua ku shingo yangu.

Nje, klaksoni. Ni ya Jacques, ninaijua.

"Dada," maman wa Uvira anasema, "unasonga, ao niende mbele yako?"

Nimesonga. Hatua moja tu. Sista anahesabu karatasi zake, anaziweka mu mufuko, anatafuta miwani yake. Klaksoni tena, ndefu, na yule mwanamuke wa guichet ameinua kichwa, ananiangalia miye—