Goti la Kushoto la Dishon

Jumatatu, 24 Juni 1996
Migori. Leo tena Dishon amenipeleka shuleni. Ni mdogo wa mume wangu, na baiskeli yake ya boda boda ndiyo inayonifikisha kila asubuhi, mimi nimeketi kwenye keria, daftari za Kidato cha Tatu mapajani. Kwa nyuma huko mtu huona mengi. Mguu wake wa kulia unazunguka vizuri, kisigino kimetulia. Wa kushoto — hapana. Pedali ikifika chini, vidole vinajinyoosha kuifuata, kama mtu anayetafuta kipandio gizani. Kwa nini? Nafundisha baiolojia, ningepaswa kuwa na dhana.

Nilipomwuliza, alikiri kwamba goti hilo linamuuma kwa nyuma tangu Pasaka. Nisimwambie mama yao.

Jumatano, 26 Juni
Sasa najua kwa nini mama asijue. Tarehe 20 Julai kuna mashindano ya watu wa boda boda, kutoka hapa hadi Homa Bay. Baiskeli za kazi tu, na keria isifunguliwe. Klabu moja ya mbio za baiskeli ya Kisumu itawachukua watatu wa kwanza. Mama amesema wazi: goti likikataa, Dishon arudi Mfangano, kwenye mitumbwi ya mjomba wake. Dishon hapendi maji. Na kisiwani, anasema, barabara huisha kabla mtu hajatoka jasho.

Jumapili, 30 Juni
Baada ya ibada nilimlaza mkekani, nikampima kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka kitovuni hadi kifundo cha mguu. Wa kushoto ni mfupi! Kidogo tu, lakini ni mfupi. Dishon aliitazama miguu yake kama vyombo vya kuazima. Awino, mkewe, akauliza mbona alipewa mume asiye sawasawa na ukoo mzima ukanyamaza. Tulicheka sana.

Nimekata kipande cha mpira wa akala, vile viatu vya tairi. Tumekifunga kwa waya juu ya pedali ya kushoto.

Alhamisi, 4 Julai
Kinafaa. Vidole vimetulia. Nimefurahi kupita kiasi, nadhani.

Jumatano, 10 Julai
Dhana imevunjika. Jana jioni Dishon alifanya mazoezi peke yake, hadi Awendo na kurudi, na goti limevimba — safari hii kwa mbele. Akinibeba, kipande kinamsaidia. Akiwa peke yake, kinamwumiza. Mguu hauwezi kuwa mfupi asubuhi na mrefu jioni.

Nimempima upya, si kutoka kitovuni, maana kitovu huufuata mwili unapopinda, bali kutoka kwenye mfupa wa nyonga. Miguu ni sawa kabisa.

Basi asubuhi kuna nini ambacho jioni hakipo?

Niko mimi.

Wanawake wote hapa hukaa upande kwenye keria, miguu yote kushoto, mbali na magari. Uzito wetu unavuta kushoto; yeye, ili tusianguke, anateleza kulia juu ya kiti; na mguu wake wa kushoto unabaki ukiifukuza pedali. Nimekuwa nikichunguza kasoro ninayoitengeneza kwa makalio yangu mwenyewe! Au naipenda dhana hii kwa sababu ni nzuri? Ile ya kwanza nayo ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 13 Julai
Jaribio. Nilimwomba Valary, muuza samaki ambaye Dishon humbeba kila siku ya soko, ageuze miguu upande wa kulia, mara moja tu. Alinitazama kuanzia viatu.

"Mwalimu, miguu niko nayo mbili tu. Trekta ya miwa ikienda na moja, utanipea yako?"

Basi, nikamwuliza, si akae kama wanaume, mguu huku na mguu huku? Wenzake waliangua kicheko. Alisema yeye ni nyanya ya watu, hawezi kujipanua mbele ya soko zima kwa sababu ya goti la Dishon. Akamwambia Dishon apige pedali, samaki hawasomi baiolojia. Ana haki.

Nikalifanya mwenyewe, kwa suruali ya Frankline, mume wangu, ambaye kazi imemweka Homa Bay. Mwanamume mmoja penye soko aliuliza Dishon siku hizi anabeba askari wa wapi. Mimi nilikuwa natazama. Mgongo wa Dishon ulikuwa wima. Vidole vimetulia, na kipande tulikuwa tumekifungua.

Dishon alisema tu, "Shemeji, leo uko mwepesi."

Jumanne, 16 Julai
Uvimbe umeshuka. Habebi mtu wiki hii. Awino analalamika, lakini ndiye anayemkanda kwa maji moto.

Ijumaa, 19 Julai
Dishon amekuja na kipande mkononi. "Sasa, shemeji — kesho nikifunge ama nikiache?"

Nilisema akiache. Peke yake amenyooka, nimemwona. Akanipa kipande, akaenda zake akipiga mluzi.

Lakini nimemwona wapi? Barabara fupi, asubuhi, akiwa hajachoka. Amebeba wanawake kwa miaka minne. Mwili uliofundishwa hivyo, ukichoka, hurudi kwenye somo lipi? Sikumwuliza hilo. Angepanda baiskeli na shaka yangu juu ya keria, na shaka nayo ni abiria.

Jumamosi, 20 Julai
Homa Bay. Naandika nikiwa kwenye benchi, karibu na utepe wa mwisho. Frankline ameenda kutafuta soda. Jua kali. Kipande cha akala nimekuja nacho mkobani. Sijui kwa nini.

Pikapu ya kwanza kutoka Rongo, katikati ya njia, imesema Dishon alikuwa wa pili. Watu wa Migori walianza kucheza hapo hapo. Ya pili imesema wa tatu, na kwamba wa nne hayuko mbali. Dereva wa hiyo ya pili aliniuliza swali, kwa utani nadhani: "Huyo wenu amebeba nani? Anakaa kama mtu aliye na mama nyuma."

Nimeacha kuandika kidogo. Naendelea.

Wawili wamefika. Makelele. Nafasi ya tatu bado iko wazi, na pale juu, mwanzo wa mteremko, wametokea wengine wawili, karibu sawa. Shati la bluu ni lake. Goti silioni kutoka hapa. Nauona mwili — umeegemea kulia, mguu wa kushoto unanyooka, unatafuta.

Keria yake ni tupu. Anaendesha kama vile nimeketi pale.

Wanafika kwenye kona. Naweka kalamu, nasimama kutazama.