Orodha ya Msaragambo

Jumanne, 4 Februari

Msaragambo wa ndiva leo, kazi ya pamoja, hakuna anayebaki nyumbani. Kijiji kizima kwenye bwawa letu la kumwagilia kuzoa tope kabla ya mvua, mgongo unawaka. Mimi katibu wa msaragambo, kwa hiyo nazoa na kuandika. Jina, sahihi, basi. Kichwa cha habari sikuweka. Nani hajui karatasi yenye tope ni ya nini? Nimemwandika na mume wangu Elisante na kumsainia, ingawa yuko Hedaru kwa dada yake. Asiyeandikwa anachukuliwa kuku wa faini, na wake wa kijiji hiki wote wana sahihi mbili. Mtendaji wa kijiji kaichukua orodha akaitunze ofisini.

Jumatatu, 17 Februari

Nakijwa kaja na barua. Jirani yangu, mjane. Shamba lake liko chini ya ndiva na hana jingine. Barua inasema mkutano mkuu wa kijiji wa tarehe nne umeridhia shamba hilo apewe mgeni ajenge hoteli. Tarehe nne hapakuwa na mkutano. Palikuwa na tope! Lakini nyuma ya barua imebanwa nakala ya majina ya walioridhia, na mwandiko ni wangu. Nakijwa mwenyewe yumo, wa tisa. Eti karidhia kunyang'anywa. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Jumanne, 18 Februari

Nimekwenda kwa mtendaji nikiwa nimechemka. Ni binamu yake Elisante, mdogo kwetu. Kanipa shikamoo, kaniwekea chai, adabu tele. Kisha akauliza polepole: tarehe nne Elisante alikuwa wapi? "Kughushi sahihi ni jela, shemeji," kasema, akanisogezea sukari. Chai sikuinywa.

Jumamosi, 22 Februari

Situlii. Nimepalilia tangawizi isiyo na magugu. Nimefua mashuka yaliyokuwa safi. Nimemweleza Elisante yote. Kakasirika, tena si kwa mtendaji, kwangu. Nani alinituma nimwandike? Na yeye alitaka kuku waende? Tumekula kila mtu upande wake.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani. Wote wamesikia. Wote majina yao yamo, wote wanajua hapakuwa na mkutano, wote macho kwenye kitabu cha nyimbo. Nimewachukia, kisha nikakumbuka kwamba nami nimekishika changu. Nakijwa kafungua kesi Same. Hajaniomba kitu. Heri angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Kesi kesho. Nimefunga nguo ya safari, nimeifungua, nimeifunga tena. Naogopa jela. Naogopa na kicheko cha watu. Elisante hauliziki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Joto la Same, baraza la ardhi limejaa. Nikaapa. Nikasema karatasi ile ni ya msaragambo. Wakili wa upande wao akauliza nitathibitishaje, na mtendaji nyuma yake anatabasamu. Basi nikalisema mwenyewe kabla hawajalisema wao. Jina la kumi na mbili ni la mume wangu. Hakuwapo. Nimesaini mimi. Kwenye msaragambo tunafanya hivyo na tunakosea, lakini hakuna mke anayepiga kura mkutanoni kwa niaba ya mumewe. Mama mmoja wa kwetu akapaza sauti kutoka nyuma: "Hata wangu nilimsainia mimi!" Akaamriwa anyamaze. Mwenyekiti wa baraza kaandika muda mrefu. Kisha kaamuru shamba lisiguswe mpaka hukumu.

Jumatatu, 10 Machi

Wito wa polisi umefika. Kughushi. Niripoti Alhamisi. Mtendaji ni mtu wa ahadi, hilo nampa. Ukatibu nao wamenivua. Na wanaume wa kitongoji kizima wamenuna, maana sasa tope watazoa wenyewe. Hapo nimecheka. Baadaye nimelia jikoni na sufuria ikaungua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza, nyembamba. Nakijwa anapanda mahindi, namwona kutoka uani. Hukumu bado.

Elisante kausoma wito mara ya tatu. Hajasema nami neno tangu nirudi kutoka Same. Baada ya chakula cha mchana katoa viatu vyake vya kanisani, kaketi barazani, kaanza kuvipiga rangi. Nikamuuliza anakwenda wapi katikati ya wiki.

"Polisi, kesho, na wewe. Jina ni langu. Wakimtafuta aliyeibiwa, nitawaambia sijaibiwa."

Alipomaliza vyake, akavuta na viatu vyangu.