Mbuzi Wanalala Wapi

Shule ya Misheni,
Keringet, kupitia Molo.
Jumapili, 14 Julai, 1957

Mpendwa Shangazi Truphosa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Hujambo huko Tanga? Micah mdogo ameacha kukohoa? Na Baba Micah, mguu wake umepona? Mimi sijambo, ila mikono imepasuka, na asubuhi majani hapa nje huwa meupe kwa umande ulioganda.

Barua yako imefika. Unauliza kama ualimu umenishinda, nije kwako nijifunze kushona. Siku niliyoisoma nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Chumba changu ni cha mabati, mwisho wa kiwanja. Nyumbani tulilala watatu kitanda kimoja, nawe ukitugombeza kwa kuvutana. Hapa watoto wakishaondoka sina wa kusema naye. Mwalimu Naftaly, mkuu wetu, ni mtu mwema, lakini ana jamaa yake, na mimi naona haya kubisha hodi.

Wiki hii nilifundisha darasa la kwanza habari za wenyeji wa nchi za barafu, kaskazini kabisa mwa dunia. Kitabu kinawaita Waeskimo. Nilichora nyumba yao ya theluji, nikasema ndani mna joto. Kipsang, mtoto mmoja mwenye maneno mengi, akauliza, "Mbuzi wao wanalala wapi?"

Huku mbuzi hulala ndani pamoja na watu, na kila mtoto anajua joto la usiku linatoka wapi. Nikajibu kwamba hawana mbuzi.

"Basi walishakufa, Mwalimu."

Walicheka sana. Nikawaeleza juu ya taa ya mafuta ya sili, mnyama wa baharini, na nguo za ngozi ambazo manyoya yake hugeuzwa ndani. Nikasema usiku hulala wamebanana chini ya ngozi, wakubwa kwa wadogo, na hakuna anayeachwa peke yake.

Hapo Jeruto, ambaye huwa hasemi, akauliza, "Na wewe Mwalimu, unalala na nani?"

Nikageuka nikafuta ubao, na picha nzuri yote ikaenda.

Jioni mama yake alikuja na ngozi ya kondoo begani. "Njoo ulale kwetu na wasichana," akasema. "Mbuzi wapo wanne, hutasikia baridi." Nikashikwa na haya. Nikamwambia asante, nina mablanketi mawili. Akaenda zake. Ninalo moja, Shangazi, lile unalolijua.

Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari. Kipsang akasimama. "Mwalimu, wale watu wa barafu wana akili kukushinda."

Nilicheka pamoja nao, mara ya kwanza tangu nifike. Lakini usiku ule niliusikia upepo kwenye mabati mpaka asubuhi.

Kwa hiyo usinitafutie cherehani bado. Nimalize muhula huu kwanza. Msalimie Micah, Baba Micah, na jirani yako Wangeci. Mungu awafunike nyote, walio karibu na walio mbali.

Nikishaifunga barua hii nitakunja blanketi langu niende kwa Mama Jeruto, kabla haya haijanirudia. Sijui nitasema nini mlangoni. Labda nitauliza tu mbuzi wanalala upande gani.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Chepngeno