Fuvu Jekundu Kwenye Mapipa ya Meli

KITUO CHA POLISI, SULTAN HAMUD
Maelezo ya shahidi kuhusu vifo vya watu wanne na kukamatwa kwa dereva Hassan Rashid

Jina: Ndeti Mutie
Umri: Miaka 24
Kazi: Mwanafunzi wa chuo kikuu, sayansi, mwaka wa tatu
Makazi: Kalamba, Wilaya ya Machakos; wakati wa masomo, bweni la chuo, Nairobi
Tarehe: Jumamosi, 15 Agosti 1981, asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya mbele ya Koplo Jonah Kilonzo. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa sababu Hassan Rashid, dereva, mkazi wa Kitui mjini, amewekwa ndani kwa madai kwamba aliuza spiriti ya chuo kando ya barabara. Hakuuza. Mmoja wa wale marehemu wanne ni kaka yangu, Musyoka Mutie, na bado nasema hakuuza.

Ili ieleweke spiriti hiyo ilitoka wapi, naanza na safari. Tangu Februari nimekuwa mwakilishi wa wanafunzi katika kamati inayopanga safari ya utafiti wa bahari. Meli ni ya wageni, nayo itatoka Mombasa Jumatano tarehe 19. Ndani yake watakuwamo watu wa taaluma nne: wanaopima mikondo, wanaopima kemia ya maji, wanaochunguza viumbe, na wanaochimba udongo wa sakafu ya bahari. Kila taaluma ilitaka meli isimame mahali pake, winchi iwe yake, na sitaha iwe yake. Tulibishana miezi sita. Mimi nilibishania nafasi za Wakenya, na tulipopewa vitanda vitatu wenzangu walinibeba mabegani hadi bwenini. Afisa ameniambia nieleze yanayohusu kesi. Hili linahusu.

Nahodha aliruhusu mapipa manne tu ya vitu vinavyoshika moto. Watu wa viumbe walitaka spiriti ya kawaida ya kuhifadhia sampuli zao, ile ambayo binadamu akiinywa hulewa. Watu wa kemia walitaka methanoli, ambayo humpofusha mtu na kumwua. Hapakuwa na nafasi ya zote mbili. Mkutano wa Juni uliamua kwamba wote watumie methanoli. Ulionekana uamuzi wa busara, nami niliunyoshea mkono.

Katika mkutano huohuo nilisimama kuhusu maandishi. Mapipa yalikuwa yameandikwa kwa lugha ya kigeni. Nilisema kwamba mzigo unaopita katika nchi ya watu uwaonye watu hao kwa lugha wanayoisoma; kwamba sayansi isiyoweza kumwambia mwananchi "usiguse" haina haki ya kupita mlangoni pake. Nilipigiwa makofi. Nikanunua rangi nyekundu, nikaandika kwa mkono wangu SUMU, na chini yake nikachora fuvu na mifupa miwili. Nilifanya hivyo kwenye kila pipa, pande zote mbili.

Mnamo Jumatano tarehe 12 Agosti tuliondoka Nairobi saa nne asubuhi, Hassan akiendesha lori, mimi kando yake. Sikuwa namjua kabla ya siku hiyo. Alinieleza kwamba babu yake alitoka pwani akafungua duka Kitui, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kupanda kitu kinachoelea.

"Nyinyi mtakaa huko majini mkitafuta nini?" aliniuliza.

Nikamwambia tunatafuta jinsi bahari inavyofanya kazi.

"Na ikikataa kuwaambia?"

Yapata saa saba mchana, tukiwa tumeshapita Sultan Hamud tukielekea Emali, gurudumu la mbele la kushoto lilipasuka. Lori liliacha lami, likalala kwa ubavu. Hassan alivunjika mkono wa kulia. Mimi nilichubuka tu. Masanduku ya vifaa yalibaki yamefungwa. Mapipa manne ya mzigo wetu yalibingirika hadi nyasini, na mawili kati yake yakalegea vifuniko, yakaanza kuvuja.

Harufu ndiyo iliyowaita watu. Walifika na majerikeni, sufuria na chupa za soda. Hassan alikaa juu ya pipa moja, mkono wake umening'inia, akawa anasema, "Ndugu zangu, hii si pombe. Wallahi, hii si pombe."

Mtu mmoja akamjibu, "Wewe Mwislamu utaijulia wapi pombe?" Watu wakacheka.

Mimi nilipanda juu ya pipa la pili. Nimezoea kuhutubia. Mara nyingi nimesimama juu ya meza ya ukumbi wa chakula nikasema kwamba umma utaamka, na sasa umma ulikuwa mbele yangu, uko macho, na unanisikiliza. Niliwaambia wasome. Niliwaonyesha fuvu. Mama mmoja aliyeshika jagi la plastiki akaniambia kwa upole, "Tumesoma, mwanangu. Hata kwa Kalunde imeandikwa hivyo."

Kalunde ni mwanamke anayeuza pombe haramu nyuma ya soko la Emali. Wanaofanya biashara hiyo pande hizi huandika SUMU kwenye mitungi yao na kuchora fuvu, ili wezi na watoto wasiiguse, na ili chifu akiikuta aambiwe ni dawa ya kupe. Wanywaji wamezoea hivyo. Wakiona fuvu, wanajua iliyo ndani ni kali. Mimi nimezaliwa Kalamba. Jambo hili nalijua tangu utotoni, na halikunijia hata mara moja nilipokuwa na brashi mkononi.

Kalunde mwenyewe alikuja na jerikeni mbili. Hakutoa hata senti moja na hakuna aliyemwomba. Alimwambia Hassan, "Baba, sogea kidogo, utaumia bure," kisha akakinga.

Kaka yangu Musyoka, ambaye alikuwa mpakiaji wa magunia katika stesheni ya Emali, alifika baadaye kidogo. Alinishika kiunoni, akanishusha kutoka juu ya pipa. "Shuka, Profesa, usije ukaanguka mbele ya watu." Kisha akaniuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, "Niambie mimi peke yangu. Hii ni sumu kweli, ama ni sumu ya Kalunde?"

Nikamwambia, "Ni sumu kweli, kaka."

Akanitazama. "Hivyo ndivyo Kalunde humwambia chifu," akasema, na akaenda kukinga.

Sikumshika. Aliyemfuata ni Hassan. Aliipiga teke jerikeni ya Musyoka, ikamwagika, na Musyoka akamsukuma, akaangukia ule mkono uliovunjika. Musyoka aliokota jerikeni yake, akaanza upya. Huyo aliyepiga teke ndiye anayesemwa kwamba aliuza.

Polisi walifika saa tisa. Mapipa mawili yalikuwa matupu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Musyoka nyumbani, Kalamba, ameketi mlangoni, jua usoni mwake, akimwuliza mama kwa nini leo ukungu umekawia kuondoka. Agosti kwetu huwa na ukungu alfajiri. Wakati huo ilikuwa saa tano. Mama alitazama nje, kisha akanitazama mimi. Tulimpeleka hospitalini. Alifariki Ijumaa alasiri. Hakuniambia neno lolote kuhusu mapipa. Aliomba maji.

Nimeambiwa kwamba Kalunde ameandikisha kuwa spiriti aliinunua kwa Hassan. Naelewa kwa nini anasema hivyo, kwa kuwa wale marehemu wengine watatu walinywea kwake. Pia, nikiingia hapa, nimesikia watu nje ya kituo wakisema dereva hanywi, kazi yake ni kuuza. Mimi nilikuwapo tangu gurudumu lilipopasuka hadi polisi walipofika, na sikumwacha Hassan hata dakika moja. Katika watu wote waliokuwa pale, asiyekunywa ndiye peke yake aliyeumia akiwazuia wanaokunywa.

Jana jioni nilizungumza na chuo kwa simu. Walinipa pole. Tarehe ya meli haibadiliki. Mapipa mengine mawili yatatumwa kwa reli, na kitanda changu bado kipo. Waliniuliza kama hayo mapya yaandikwe kama yale ya kwanza. Niliwaambia sijui.

Sina zaidi ya hayo. Nimeyasema nikiwa na akili timamu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu, na niko tayari kuyarudia mahakamani.

Sahihi ya shahidi: N. Mutie

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, kisha nikamsomea shahidi. Nilimshauri apunguze habari za kamati, akakataa. Maelezo yanapelekwa kwa mkuu wa kituo pamoja na pendekezo kwamba Hassan Rashid aachiliwe. Baada ya kusomewa, shahidi aliomba sahihisho moja tu: mahali nilipoandika "mapipa manne ya mzigo wa chuo", alitaka paandikwe "mzigo wetu". Nimekata, nimeandika upya, naye ametia sahihi kando ya neno hilo.

J. Kilonzo, Koplo