Chupa Nne Chini ya Kitanda

Baba Mutheu,

Jumapili wamekusifu tena hapa Kitengela. Mhubiri mgeni, ambaye hata hakukujua, akasema Kioko alitoa maisha yake kwa watu wa kisiwani huku akitabasamu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka nje, nikasimama kwa jua mpaka wakamaliza. Ulitabasamu saa ngapi? Nilikuwa hapo. Mimi ndiye nilikuwa nakuosha.

Miaka mitano sijakuandikia kwa sababu ningekuandikia matusi. Leo nitajaribu kujizuia.

Unakumbuka vile tulienda? Wewe fundi wa mawe wa machimbo ya hapa, mimi nesi wa zahanati. Kanisa likatuita mbele, likatuwekea mikono, likatutuma kile kisiwa cha Ziwa Victoria tukasimamie misaada: mahindi, maharagwe, dawa, na matangi ya maji ambayo ulijenga mwenyewe. Mutheu tukamwachia mama yangu Machakos. Ulisema, "Ni miaka miwili tu, Mama Mutheu." Wavuvi walikucheka vile uliogopa boti, unashika ubao na mikono yote miwili, unaimba nyimbo za Kikamba kwa sauti ili usisikie maji. Huyo ndiye Kioko ninayemjua mimi.

Halafu kipindupindu kikaingia, mwaka wa ile mvua iliyokataa kuisha. Kabla ya wiki kwisha, dripu zilikuwa karibu kuisha stoo. Nikatoa chupa nne, nikazifunga kwa leso, nikazisukuma chini ya kitanda chetu. Sikuiba. Nilisema mbili zako, mbili zangu, Mutheu asije akabaki bila mtu.

Ulizipata ukitafuta viatu. Hukunipigia kelele, ungepiga, ingekuwa afadhali. Ulisimama mlangoni umezikumbatia, ukasema, "Nitawaangalia hawa watu machoni namna gani?" Mbili zikaenda kwa Atieno, yule muuza dagaa wa omena, mbili kwa mzee mmoja ambaye alikufa hata hivyo. Hukuniuliza. Tulikuwa wawili kwa hiyo kazi, Baba Mutheu, lakini siku hiyo uliamua peke yako.

Siku ya tatu ukaanza kuhara. Boti la dawa lilikuwa limezuiwa ng'ambo na mawimbi. Nikakunywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, ukayatapika. Miguu ikakakamaa, macho yakazama. Adhuhuri ukanishika mkono ukaniambia, "Angalia tena chini ya kitanda."

Wewe! Wewe ndiye uliyezitoa!

Nikapiga magoti nikaangalia. Niliangalia kweli, nikapapasa mpaka ukutani, kwa sababu uliniomba. Hakukuwa na kitu. Nilipoinuka kukuambia, ulikuwa umenikazia macho kama mtu anayengoja. Boti lilifika kesho yake asubuhi, wewe umeshakwenda.

Hayo nilikuwa sijamwambia mtu.

Atieno yuko hai. Siku hizi kila mtu ako na simu ya mkono, akanipigia, akaniambia amejifungua kijana na amemwita Kioko. Alilia sana. Mimi nikamwambia asante, nikakata, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Nilimchukia, mama wa watu ambaye hajanikosea chochote.

Sasa kanisa linatuma wengine kisiwa kile kile, bwana na bibi ambao ndoa yao haijamaliza mwaka. Niliitwa mara mbili nikawafundishe, nikakataa. Ya tatu nikaenda Kajiado. Mchungaji akanisalimia Kimaasai, "Sopa, mama," nikajibu "Epa," nikaketi, nikaanza na mambo ya matangi na vile unga unapimwa. Yule bibi akauliza kama tuliwahi kuogopa. Basi ikanitoka yote. Chupa, mzee aliyekufa, vile nilipapasa sakafu. Mchungaji akanivuta kando: "Mama, hao utawavunja moyo." Nikamwambia, "Heri moyo uvunjikie hapa kuliko kule."

Niliporudi ndani yule bibi akaniuliza polepole, "Sasa sisi tuweke ngapi?"

Miaka hii yote nimengoja mtu aniulize hivyo. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikasikia Atieno akilia kwa simu, nikashindwa kulitoa. Nikasema, "Amueni wawili, kabla hamjapanda boti. Mmoja asiamue peke yake." Walikuwa wanataka hekima, na mimi sikuwa na ingine.

Nyumba yetu hapa Kitengela imekamilika, mabati ya kijani vile ulitaka. Vumbi ya machimbo inaingia hata kwa unga. Mutheu yuko kidato cha pili sasa, shule ya bweni, na habari zako anazipata kanisani tu, kutoka kwa watu wanaopiga makofi.

Kwaheri basi. Ahadi yangu ni hii: shule zikifungwa Agosti nitamketisha jikoni, nimwambie ukweli wote, wako na wangu. Akikukasirikia, ama akinikasirikia mimi, ni haki yake. Mimi bado sijakusamehe. Lakini pete yako sijavua, na sina mpango wa kuivua. Lala, bwana yangu.

Mama Mutheu