Baridi Riddim, na Mama Yako Ndani

Muriithi rafiki yangu,

Baridi Riddim, ule mdundo wako, imetoka! Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Ulipotuacha hapa duniani, mdundo wako ulikuwa tayari na sisi wasanii saba tulikuwa tumesharekodi, kila mmoja wimbo wake: mimi, wale mapacha wa Murang'a, Kariuki wa Giakanja na wengine. Lakini kompyuta ilikuwa chumbani mwako mtaani Skuta, na mama yako akatia kufuli. Hakuna kitu kitatoka, alisema, mpaka asikie ni nini kilichokuwa kinamnyima mwanawe usingizi. Niliogopa sana. Unajua muziki wetu wa dancehall yeye huuita kelele za kufukuza ndege. Angekataa, kazi yako yote ingeozea humo.

Jumamosi moja akanifungulia. Akakaa kitandani mwako na kitambaa chake cha kanisani kichwani, mkoba magotini. Wimbo wa kwanza aliitazama kompyuta. Wa pili akanitazama. Wa tatu ulipoanza, akainua mkono: "Nyawira, hii kitu imekwama. Ati wimbo ni ile ile!" Nilicheka, nilishindwa kujizuia. Nikamweleza kwamba mdundo ni mmoja, kila msanii anakuja na maneno yake. Akasema, "Kumbe ni kama sisi wamama kwa harusi. Tuko na wimbo moja, na kila mtu anatia yake." Kutoka hapo kichwa kilianza kutikisika, na kitambaa nacho.

Tulipomaliza akauliza, "Na yeye anaimba wapi?"

Hukuimba, Muriithi. Ulikuwa unangoja tumalize sisi. Nikamwambia ile ngoma ya chini ndiyo wewe, na sisi wote tunaimba juu yako.

Akavua viatu. "Basi washa. Mimi pia niko na maneno."

Lo, ungemwona! Alikuimba ukiwa mdogo, unavyogonga sufuria ya uji mpaka majirani wanalalamika, unavyotoroka kuchuma kahawa. Kisha akapiga vigelegele vitano, vile vya kumpokea mtoto wa kiume anapozaliwa. Sauti imepasuka kidogo hapo, nami sijairekebisha. Usinigombeze.

Sasa inapigwa kutoka Karatina hadi Nanyuki, na wimbo unaoombwa zaidi si wangu. Naumia kidogo, lakini nacheza. Vijana wanamwita Mama Baridi, naye anajifanya kukasirika.

Nimekukumbuka, wewe mtu. Nakuahidi mdundo huu nitampa kila atakayekuja na maneno yake, awe wa kanisani au wa stendi ya basi. Lala salama, ndugu yangu. Wacha nikimbie, wamama wa kwaya wako mlangoni na mama yako anabishana nao ni nani ataimba kwanza.

Wako,
Nyawira